Mnunuzi Aliyengoja Jalalani

Kiti cha kinyozi kilipohamia sebuleni hakuna aliyekikaribisha, lakini kilikaa kama mwenye nyumba. Kilikuwa cha chuma, kimevikwa ngozi nyekundu iliyofumuka mshono, kizito kama lawama za mawifi. Kochi la wageni lilisukumwa ukutani, likabaki linatazama mlango kwa unyonge. Mama, kila alipokwenda jikoni, alipita ubavu, na kila alipopita ubavu kiti kilimgonga goti palepale kilipomgonga jana, naye akakisonya. Alikisonya kimoyomoyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekikalia: kinyozi, mume wake, mikono juu ya mapaja, macho yote mawili yamevaa ukungu mweupe kama kioo cha bafu baada ya mtu kuoga maji ya moto.

Kibanda cha kunyolea kilifungwa siku alipomkata mteja ncha ya sikio akidhani ni kishungi cha nywele kilichosahaulika. Mteja alipiga yowe, kinyozi akaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, ila aliiomba kwenye kioo, akidhani ndiye mteja. Hapo mtaa mzima ukajua. Hospitali ikasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, anaondoka akiondolewa, malipo kwanza. Gharama ya macho mawili ililingana na thamani ya kiti kimoja, kana kwamba aliyepiga hesabu hizo alikuwa na utani mbaya.

Vinyozi wenzake walileta bahasha ya mchango. Aliipapasa, akaipima uzito kiganjani, akairudisha bila kuifungua.

"Michango ni ya harusi na maiti," akasema. "Mimi nimeshaoa, na kufa bado."

"Fundi, ni kitu cha kukusaidia tu."

"Nimesikia. Ahsanteni. Chukueni na mwavuli wenu msiusahau."

Walipotoka, mama aliingia jikoni akafokea sufuria. Kinyozi akapaza sauti kutoka sebuleni: "Uzeni kiti! Macho kwanza. Mtu hunyolewa hata akikalia ndoo!"

Kazi ya kukitangaza kiti mtandaoni alikabidhiwa binti yao, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako wenzake walimtunuku cheo cha Waziri. Wizara yake ilikuwa ya vituko. Ndiye aliyeiga sauti ya matroni dirishani, bweni zima likakurupuka na kwenda kupanga mstari uwanjani na ndoo za kuogea, ilhali matroni mwenyewe anakoroma kwa amani. Ndiye aliyemwandikia mwalimu wa hesabu barua ya mapenzi kutoka kwa mpishi, na kumwandikia mpishi jibu. Mtu wa namna hiyo, alijiambia, hatapeliki. Ajuaye kutega ndiye ajuaye mtego.

Na kweli, siku tangazo lilipopanda, mtego ulikuja wenyewe.

Mnunuzi wa kwanza alijitambulisha kuwa mhandisi wa meli iliyoko katikati ya bahari. Hakueleza anataka kumnyoa nani huko. Alitaka kiti upesi, hakuuliza lolote, na kabla chai haijapoa ukaingia ujumbe kwamba pesa zimepokelewa, tena nyingi kupita bei. Kisha mhandisi akaandika kwa masikitiko kuwa kidole kimeteleza, wamrudishie kilichozidi kupitia namba ya dereva wake.

Mama alikuwa ameshavaa kanga ya kutokea. "Cha mtu sitaki kilale ndani mwangu. Naenda kumrudishia."

"Mama, kaa chini," Waziri akasema. "Umeangalia salio?"

"Salio la nini? Ujumbe si huu?"

"Ujumbe ni maneno, mama. Nikikuandikia wewe ni malkia, utaota taji?"

Wakaangalia salio. Lilikuwa vilevile lilivyokuwa asubuhi, jembamba, halina habari na meli wala bahari. Ujumbe wa malipo ulikuwa umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida tu, kama wewe na mimi. Mama aliketi polepole, mkono kifuani. Kinyozi alinyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukakipata kichwa cha binti yake.

"Simu yangu nimekukabidhi," akasema. "Kuanzia leo wewe ndiye macho yangu."

Maneno hayo yalimpanda Waziri kichwani kama mvinyo. Alianza kutembea sebuleni mikono nyuma, kwa kadiri kiti kilivyomruhusu, akitoa mihadhara. Tapeli, alifundisha, ana haraka ya pesa lakini hana haraka ya kukiona kitu. Tapeli ana dereva, ana mjomba, ana kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Na juu ya yote, tapeli haombi kupunguziwa bei. Pesa ya jasho huuma ikitoka. Isiyouma haijatoka.

"Hapo umesema," mama akaunga mkono. "Mimi hata kaburi nitaomba wanipunguzie kina."

*

Mnunuzi wa pili alikuja kwa adabu.

"Shikamoo," aliandika. "Nimeona kiti. Nitakichukua kwa bei hiyohiyo mliyoandika."

Waziri aliinua nyusi. "Mimi ni binti wa mwenye kiti. Hutaki kuja kukiona kwanza?" akajibu.

"Hakuna haja. Ile pedali bado inalia ukiikanyaga? Kama inalia msiitie mafuta, iacheni ilie."

Halafu akaongeza: "Naomba mwenye kiti asijue nani ananunua. Nipe namba ya kupokelea na jina lake lililosajiliwa, nilipe leoleo. Nitakuja na gari."

Waziri aliruka juu kama aliyeshinda bahati nasibu. Aliwaita wazazi wake kikao cha dharura, akasimama mbele ya kiti, akausoma mkasa kwa sauti ya puani, ile aliyoitengenezea matapeli tangu siku ya mhandisi. "Niiitakichukua kwa beeei hiyohiyo." Ule ujumbe wa pedali aliuruka. Haukuwa na utamu.

"Hakuomba kupunguziwa hata kidogo?" mama akauliza.

"Hata chembe."

"Huyo mwizi," mama akahukumu, akarudi kukunja nguo.

Kinyozi alikunja uso. "Na mimi nisijue anayenunua? Kiti changu, nisijue? Kwa nini?"

"Ndiyo hapo, baba."

"Mkatalie tu, basi."

Lakini kukatalia si kazi ya Wizara. Angekatalia nini mtu aliyeweza kupanga bweni zima uwanjani na ndoo? Waziri alirudi chumbani, akafunga mlango, akaandika: "Pesa utalipa mkononi. Njoo kesho asubuhi na gari. Sisi tunakaa nyuma ya machinjio. Ukifika kwenye jalala kuu simama hapohapo, nitakufuata." Kisha akayapiga picha mazungumzo na kuyatuma kwenye kundi la wenzake wa bweni, yenye maelezo mafupi: *Kesho, tamthilia.*

Nyuma ya machinjio hapakuwa na nyumba. Palikuwa na jalala, kunguru na mbwa wasio na mwenyewe.

"Nimefika," yule mtu aliandika kesho yake. "Nipo kwenye jalala."

"Nakuja. Nipo njiani. Navaa viatu."

Kundi la bweni lilikuwa macho, linasubiri kama watazamaji wa fainali. Kila ujumbe ulioingia, Waziri aliupiga picha na kuurusha, vicheko vikarudi vimejaa kioo cha simu.

"Dereva analalamika. Jua ni kali."

"Nakuja. Kiatu kimoja kimepotea."

"Kuna mbwa wengi hapa, binti."

"Hao ni walinzi wetu. Wape salamu."

Mchezo uliendelea mpaka jua likasimama utosini. Mara kiatu kimepatikana, mara ni cha jirani. Mwishowe yule mtu akaandika: "Samahani kama kuna mahali nimewakosea." Waziri aliutazama ujumbe huo. Haukuchekesha kama mingine, na hakujua kwa nini. Hakuurusha kwenye kundi. Aliizuia namba, akaenda kuomba chakula.

Mezani alisimulia yote, ukiacha ujumbe ule wa mwisho. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Kinyozi alikuwa akiupigapiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Wape salamu! Eti wape salamu!" Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya sikio, na nyumba yote ilifurahi kumsikia. Katikati ya kicheko akanyamaza.

"Lakini kama alikuwa mtu kweli?"

"Mtu kweli huomba kupunguziwa, baba."

"Eeh, hilo nalo," kinyozi akasema, akaendelea kucheka.

*

Simu ya kwanza iliingia mama akiwa kazini. Kinyozi aliipokea mwenyewe, kwa mazoea.

"Mzee mzima, huna hata haya?" sauti ikasema, ikakata.

"Amekosea namba," kinyozi akamwambia binti yake.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke. Aliuliza kama kiti bado kipo. Kinyozi akajibu kwa furaha kuwa kipo, tena ngozi yake ni ya zamani, siku hizi hazitengenezwi. Yule mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi nikusubiri jalala lipi?" Nyuma yake watu wakaangua kicheko.

Waziri alikuwa ameshaufungua ukurasa wa matangazo. Juu kabisa palikuwa na picha: pikapu imesimama kando ya lundo la taka, na pembeni yake mwanamume amegeuza mgongo, mnene, shati limelowa jasho. Mkononi ameshika kamba. Begani amebeba blanketi lililokunjwa vizuri, la kukifunikia kiti kisichubuke njiani. Aliyeiweka picha alikuwa dereva. Aliandika kwamba wanaojifanya wanauza kiti cha kinyozi ni matapeli, na chini yake akaweka namba ya simu ya kinyozi, tarakimu zote, hakubakiza hata moja.

Waziri alilitazama lile blanketi. Tapeli habebi blanketi. Hakuna mhadhara wowote aliokuwa ametoa uliosema hivyo, lakini alilijua jambo hilo mara moja.

"Watu wanasemaje kwenye tangazo letu?" kinyozi akauliza. "Huenda ndiyo hao wanaopigapiga. Hebu nisomee."

Chini ya tangazo lao maneno yalikuwa yanaingia bado. *Namba hii nimeihifadhi kwa jina la Fisi. Mzee mwizi, na kiti chenyewe bila shaka ni cha wizi. Mungu awapofushe macho yote.*

"Wanasema..." Waziri akateremsha kidole kwenye kioo. "Huyu anasema kiti hiki ni kama cha mfalme. Anasema anayekikalia hiki hawezi kunyolewa vibaya."

Kinyozi akatabasamu, akajinyoosha kidogo kitini. "Nani huyo?"

"Ni seremala mmoja. Anasema alikuwa akikiona akipita pale kibandani tangu utoto wake."

"Muungwana huyo. Anajua chuma. Na mwingine?"

"Mwingine anasema... Mungu akufumbue macho yote."

"Amina," kinyozi akasema, kwa moyo wake wote.

Waziri aligeukia ukuta. Shuleni alikuwa amedanganya walimu, viranja, matroni na mara moja hata mkaguzi, na hakuna uongo hata mmoja uliowahi kuitikiwa amina.

*

Mama alirudi mapema. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na hakuwa mtu wa kurudi mapema. Alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

"Leo mashuka yamehesabiwa baada yangu," akasema.

"Kivipi?" kinyozi akauliza.

"Nimemaliza kukunja, bibi msimamizi akaja nyuma yangu anahesabu. Miaka yote hiyo hajawahi kunihesabia. Nikamwuliza kuna nini, dada? Akanitolea simu mbele ya wenzangu. 'Hii namba si ya mumeo?'" Akamgeukia binti yake. "Nimesema si yake. Nimemkana baba yako mbele za watu, kwa sababu yako."

Kinyozi alisogeza kichwa upande huu na upande ule, kama anayetafuta sauti ilikojificha.

"Nani ataniambia kuna nini?"

Mama alimwambia. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, vidole vya kinyozi vilikuwa vinafuata ufa wa ngozi kwenye mkono wa kiti.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Fungua mazungumzo yako na huyo mtu. Soma yote, tangu shikamoo. Na leo usisome kwa pua."

Waziri akasoma. Alishangaa jinsi maneno yaleyale yalivyokuwa ya kawaida yakisomwa kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa salamu ya mtu mwenye adabu, na bei iliyokubaliwa bila makelele. Akafika kwenye ule ujumbe aliouruka.

"Ile pedali bado inalia ukiikanyaga? Kama inalia msiitie mafuta, iacheni ilie."

"Rudia hapo."

Akarudia.

Kinyozi alishusha mguu, akautafuta usawa wa pedali kwa kisigino, akaikanyaga. Kiti kikapanda kidogo kikitoa mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa na mlango.

"Kwenye tangazo uliandika kuwa pedali inalia?"

"Hapana, baba. Niliandika kiko katika hali nzuri kabisa."

"Sindano," kinyozi akasema.

Mama akafunika mdomo. Waziri alitazama huyu, akatazama yule. Hakumjua Sindano. Yeye alikuwa bado hajazaliwa wakati kijana huyo alipofika kibandani kuomba kujifunza kazi, mwembamba kiasi kwamba kinyozi alimpa jina hilo kabla ya kumpa mkasi. Springi ya pedali ilipokatika, Sindano ndiye aliyeibadilisha kwa springi ya tandiko la baiskeli, na tangu siku hiyo pedali ikawa inalia. Wateja walilalamika. Kinyozi alikataa kuitengeneza, kwa sababu alisema mlio ule unamwamsha Sindano asisinzie. Kisha Sindano akafuzu, akahamia mji mwingine, akafungua kibanda chake.

"Alijua ningekataa msaada wake," kinyozi akasema. "Ndiyo maana hakutaka nijue. Alijua kila mtu aliyeleta bahasha nimemfukuza na mwavuli wake. Basi akaamua kununua. Bei nzima, asipunguze hata kidogo, ili macho... Na mimi nikacheka."

"Na mimi nilisema mwizi," mama akasema polepole. "Bila hata kuuliza jina."

Waziri alingoja kofi. Shuleni adhabu ilikuwa na mwanzo na mwisho: unachapwa, unasema ahsante, unarudi darasani ukiwa shujaa. Hapa hakuna aliyeinua mkono. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya binti yake mwenyewe, kwa aibu, naye angetoa chochote kichwa kile kiinuke.

"Kuna mwingine, baba. Wa mwisho. Sikuwasomea." Akausoma. "'Samahani kama kuna mahali nimewakosea.'"

"Nipe simu," kinyozi akasema. "Nipigie."

Waziri akaifungulia namba aliyoizuia, akapiga. Iliita mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Fundi," sauti nzito ikasema. "Shikamoo."

"Marahaba, Sindano. Nasikia ulikuja kwetu ukasimamishwa jalalani."

"Nilijua ni utoto tu, Fundi. Si kitu. Dereva ndiye mwenye hasira, nimemwambia aitoe ile picha."

"Kiti bado unakitaka?"

Sindano akakohoa. Ilibidi avutwe neno kwa neno. Akirudi kutoka jalalani, kwa uchungu, alikuwa amepitia kwa mfanyabiashara mmoja na kuweka malipo ya awali ya kiti kingine, na yule bwana harudishi pesa. Zilizobaki hazikufika bei. Zingefika mwezi ujao, kama Fundi angekubali...

"Njoo na hizo ulizo nazo," kinyozi akasema. "Kiti kitakuwa palepale ulipoambiwa."

"Nyumbani, Fundi?"

"Uliambiwa jalalani. Kitakuwa jalalani."

*

Kesho yake walikodi mkokoteni. Waziri alisukuma. Mama alivuta mbele, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Kinyozi alitembea kando, ameshika mkono wa kiti, kikimwongoza kama mtoto anavyomwongoza mzee. Mtaa ulitoka nje kuangalia.

"Matapeli wanahama!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye duka la vipuri.

"Wanapeleka mzigo kwa mteja!" mwingine akajibu, na vicheko vikawafuata mpaka kona.

Waziri alikuwa akijua kutembea mbele ya watu wanaocheka. Alikuwa amejenga sifa yake yote juu ya jambo hilo. Lakini kicheko cha leo hakikumtazama yeye. Kilimtazama mzee aliyeshika kiti, ambaye hakuweza kuona kilikotoka na kwa hiyo alikuwa akigeuza kichwa kila upande, akisalimia.

Kwenye jalala waliteremsha kiti, kinyozi akakikalia. Mbwa walikuja wakanusa pedali, wakaenda zao. Simu ikalia.

"Soma," kinyozi akasema.

Waziri akasoma kama ilivyoandikwa. "'Nakuja. Nipo njiani. Navaa viatu.'"

Kinyozi aliinua nyusi. "Hayo maneno nimewahi kuyasikia mezani."

"Ni ya kwangu, baba."

"Basi na tungoje."

Wakangoja. Waziri hakujua kama yule mtu anakuja kweli au naye ameketi mahali anacheka, na alijua fika kwamba akiamua kucheka ni haki yake. Jua likapanda. Mama akaweka pindo la kanga juu ya kichwa cha mumewe.

"Unaona nini?" kinyozi akauliza.

Alikuwa na uongo mzuri tayari kwenye ncha ya ulimi, wenye mawingu na upepo. "Naona taka, baba. Na kunguru. Na watu kule barabarani wanatupiga picha."

"Wengi?"

"Wengi."

"Sawa. Wapige."

Pikapu ilikuja wakati mama alikuwa ameshaanza kusema warudi. Ilisimama, na mtu mnene akashuka na kamba na blanketi lake. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti, akaikanyaga pedali, na kinyozi akapanda juu kidogo kwa mlio wa panya.

"Umenenepa, Sindano," kinyozi akasema. "Zamani ulikuwa ukiikanyaga kwa miguu yote miwili."

Mtu yule mnene akapiga magoti pale kwenye taka na kumshika mkono. Kisha akatoa pesa, akazitia kwenye kiganja cha kinyozi, akaanza tena habari za mwezi ujao.

"Hakuna mwezi ujao. Bei ni hizi. Tena toa gharama ya gari la siku ile."

"Fundi, hapana. Nitaongeza."

"Usiongeze. Punguza."

"Nitaongeza kidogo tu."

"Nimesema toa gari! Na la leo toa!"

Hivyo ndivyo jalala lile lilivyoshuhudia, kwa mara ya kwanza tangu liwe jalala, muuzaji akishusha bei na mnunuzi akiipandisha, wote wawili wakali kama majogoo. Mama, ambaye angeomba kupunguziwa hata kaburini, alisimama kimya akitazama pesa zikitoka kwenye kiganja cha mumewe kurudi kwa mnunuzi. Waziri alifahamu hesabu ile inakwenda wapi. Kila noti iliyorudi ilikuwa inatoka kwenye jicho.

Walipokwisha kukifunga kiti, blanketi juu, kamba ikazungushwa na kukazwa, Sindano alimtazama Waziri kwa mara ya kwanza.

"Viatu ulivipata?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Waziri akatazama miguu yake, iliyovaa viatu vyote viwili.

*

Pesa zilitosha jicho moja.

Daktari aliuliza waanze na lipi. Kinyozi akasema la kulia, kwa sababu ndilo alilokuwa akifumba alipokuwa akipima ndevu kama zimelingana, kwa hiyo limepumzika zaidi. Daktari hakucheka, mama alicheka kidogo.

Alirudi nyumbani na bandeji, na bandeji ilipotoka aliketi kwenye kochi la wageni, ambalo lilikuwa limerudi mahali pake, akatazama vitu kimoja kimoja. Alitazama alama nne za miguu ya kiti kwenye sakafu. Alimtazama mama, akamwambia amekonda, mama akasema ni jicho jipya halijazoea. Akamwita binti yake asimame penye mwanga. Alimtazama muda mrefu, hata Waziri akatamani ukungu urudi.

"Umekua," akasema. "Nipe simu yangu."

Aliishika mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena, na kidole chake kinene kikaanza kupanda na kushuka kwenye kioo. Dereva alikuwa ameitoa picha, lakini maneno ya watu chini ya tangazo yalibaki. Kinyozi akayasoma kwa midomo, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Fisi. Mwizi. Mungu awapofushe. Hapo alisimama kidogo, akaendelea. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akashuka tena, akitafuta.

"Simwoni yule seremala," akasema. "Yule aliyesema kiti kama cha mfalme."

Mama aliacha kufagia. Hakuna aliyekuwa amelikumbuka hilo, hakuna aliyekuwa ameuliza, na Waziri angeweza kusema kuwa seremala ameyafuta maneno yake, watu hufuta.

"Hayupo, baba. Nilimtunga."

Kinyozi aliendelea kuitazama simu kwa lile jicho lake moja, jekundu bado.

"Nilimpenda sana yule," akasema, akaizima.